Mkeka wa foili wa kukinga joto kwenye gari: nitapimaje kama unafanya kazi?

gereji_mamboleo (Kisumu)

Mafundi, salamu. Wateja wa Probox na matatu za HiAce wameanza kuja na mikeka ya kukinga joto waliyouziwa: ile ya fedha yenye nyuzi za kioo nyuma, na tepu ya rangi ya dhahabu. Wanataka ifungwe kwenye bomba la kuvuta hewa, mpira wa petroli, masta silinda ya breki na kifuniko cha injini chini ya kiti cha dereva. Kufunga si kazi. Kazi ni kumwambia mtu kama pesa yake imefanya kitu.

Nikipima kwa bunduki ya infraredi, manifoldi (bomba la kwanza la ekzosi linalotoka kwenye injini) inasoma digrii 310, na mkeka ulio sentimita sita kutoka hapo unasoma 38. Lakini ukiugusa huo mkeka kidole kinaruka chenyewe. Halafu skana ya OBD, ile inayosoma kompyuta ya gari, inaonyesha joto la hewa inayoingia ni lile lile kabla na baada ya kufunga tepu ya dhahabu kwenye bomba.

Je, mikeka ni bure, au napima vibaya? Nina bunduki hiyo, skana, na malitimita yenye waya wa themokapo aina ya K (unaopima joto kwa ncha yake). Sina pesa ya kununua mitambo ya maabara.

---

bati28 (Nakuru)

Bunduki inakudanganya. Haipimi joto lenyewe. Inasoma mwanga usioonekana unaotoka kwenye uso wa kitu, kisha inakisia. Nyingi za bei ya chini zimefungiwa emisiviti ya 0.95, yaani zinachukulia kila uso unatoa mwanga huo kama rangi nyeusi isiyong'aa. Chuma chenye kutu kina 0.7 hadi 0.8, kwa hiyo 310 yako iko chini ya ukweli lakini haijapotea. Alumini inayong'aa ina karibu 0.05. Hiyo haitoi chochote cha maana, inarudisha tu kilicho mbele yake. Ile 38 ni boneti, ukuta na pengine tumbo lako, vinaonekana kwenye kioo.

Ukitaka kusoma uso unaong'aa, bandika kipande cha tepu ya karatasi ya wapaka rangi, sentimita tatu kwa tatu, subiri dakika mbili ishike joto la chini yake, halafu lenga hapo. Mahali panapozidi 100 tepu itakauka na kubanduka, kwa hiyo paka doa la rangi nyeusi ya ekzosi isiyong'aa. Angalia pia uwiano ulioandikwa ubavuni mwa bunduki. Ikiwa ni 12:1, ukisimama sentimita 60 inasoma duara la sentimita 5, si ile nukta nyekundu. Nukta ni ya kulenga tu. Sogea hadi sentimita 20.

Lakini hata ukisoma mkeka sawasawa, bado hujajibu swali la mteja. Hakununua mkeka ili mkeka uwe baridi. Pima kilicho nyuma yake.

Themokapo ndiyo ya kuaminika hapa, baada ya kuikagua. Barafu iliyopondwa ndani ya maji, ukoroge, isome 0. Maji yanayochemka yasome karibu 96 huko Kisumu, 95 Kakamega, 94 hapa Nakuru. Sisi tuko juu, maji yetu hayafiki 100. Kipimo kikisoma 100 kwenye sufuria ya Kisumu, kinazidisha digrii nne.

---

jiko_na_maji (Kakamega)

Kabla hujagusa gari, upime mkeka wenyewe mezani. Kwenye gari kuna feni, upepo, kona na mlima, na utabishana na mteja mpaka jioni. Mezani unahitaji jiko la umeme la sahani moja, mkebe mmoja, na maji.

Chukua mkebe wa bati wa kama nusu lita na kitu, upake nje rangi nyeusi ya ubao wa shule, uache ukauke siku nzima. Simamisha jiko la umeme wima, sahani ikitazama pembeni, ulifunge kwa waya kwenye matofali lisianguke. Lisimame wima kweli: likilala, hewa moto inapanda moja kwa moja kwenye mkebe na utakuwa unapima hewa, wakati foili kazi yake ni kurudisha joto linalorushwa kama mwanga. Jiko la makaa usilitumie. Halikai na joto moja hata dakika tano.

Washa jiko, liache dakika 15 litulie. Weka alama ya chaki sentimita 8 kutoka kwenye sahani. Mimina mililita 500 za maji ya bomba ndani ya mkebe, pima joto lake, weka mkebe kwenye alama, anza saa. Baada ya dakika 10 koroga vizuri, pima tena. Usiyaache yapite 50, kwa sababu hapo mkebe wenyewe unapoteza joto jingi na hesabu inaharibika.

Uzuri wa maji ni kwamba yanakupa wati moja kwa moja. Nusu kilo ya maji inahitaji jouli 2,093 kupanda digrii moja. Ikipanda digrii 10 kwa dakika 10 (sekunde 600), hizo ni jouli 20,930 gawanya kwa 600, karibu wati 35 zimeingia kwenye mkebe. Ukiweka mkeka mbele na maji yapande digrii 2 tu, ni wati 7. Hiyo ni lugha ambayo mteja hawezi kubishana nayo.

Sasa mizunguko. Mkebe wa maji bila kinga. Halafu mkeka umegundishwa kwenye mkebe. Halafu mkeka uliokatwa sentimita 20 kwa 20 ukasimamishwa sentimita moja mbele ya mkebe, uwe mpana kuliko mkebe ili joto lisizunguke kingo. Halafu foili ya jikoni mahali hapo hapo. Na huu wa mwisho ndio watu huuruka: kipande cha bati kilichopakwa nyeusi pande zote mbili, kikisimama pale pale. Bati jeusi tu, kwa hesabu, linakata kama nusu ya mwanga wa joto, kwa kuwa linapokea na kurusha sawa mbele na nyuma. Mkeka wa bei ukishindwa kulipita bati jeusi kwa mbali, umenunua bati.

Rudia kila mmoja mara tatu, na ubadilishe mpangilio: bila, na mkeka, na mkeka, bila. Sababu ni umeme. Wati za jiko zinafuata voltiji kwa kipeo cha pili. Ikishuka kutoka 240 hadi 220 jioni watu wakipika, jiko lako limepoteza asilimia 16 na utadhani ni mkeka umefanya hiyo kazi. Malitimita moja ikae kwenye soketi, uandike voltiji kila mzunguko.

---

bati28 (Nakuru)

Niongeze kwenye orodha: mkeka uliopakwa vumbi na mafuta ya injini. Barabara za murram za huku, wiki mbili tu foili ni nyekundu. Ikishachafuka kazi imeisha.

---

jiko_na_maji (Kakamega)

Kaka, hapo ni nusu kweli. Inategemea umefunga vipi.

Foili ikiwa imegundishwa kwenye kitu unachokinga, uso unaofanya kazi ni mmoja tu, ule unaotazama ekzosi. Ukiwa safi unameza kama asilimia 5 ya mwanga unaoupiga. Ukiwa na matope ya mafuta unameza 80 na kuipitisha yote nyuma kwa gundi. Hiyo imekwisha, nakubali.

Lakini bamba lililosimama na nafasi mbele na nyuma lina nyuso mbili. Uso wa mbele ukichafuka, bamba litapata moto sana, kweli, lakini uso wa nyuma bado unang'aa, na uso unaong'aa haurushi joto. Kwa hesabu ya mwanga peke yake: bamba safi pande zote linapitisha asilimia 2.5 hivi ya kinachokuja. Limechafuka mbele tu, karibu 5. Limechafuka pande zote, karibu 40. Kwenye gari hutaziona namba nzuri hivyo kwa sababu hewa moto inazunguka kingo, ila tofauti ndiyo hiyo. Kwa hiyo uso wa nyuma, ambao hakuna anayeuangalia, ndio wa kulinda. Fungua bamba, lifute nyuma, lirudishe.

---

dizeli_mlimani (Nakuru)

Nijibu la skana, halafu la gari lenyewe.

Kwenye magari mengi ya petroli yenye MAF (kipimo cha hewa inayoingia kwenye injini), kihisi cha joto la hewa kimo ndani ya hiyo MAF, na MAF imekaa pale hewa inapotoka kwenye chujio. Umefunga tepu kwenye bomba lililo baada yake. Skana inasoma hewa ambayo haijafika kwenye tepu. Hata ungechoma bomba kwa gesi namba isingebadilika. Ukitaka kujua, ingiza ncha ya themokapo kwenye bomba karibu na throto (mlango wa hewa wa injini), ikae katikati ya hewa, isiguse ukuta. Pitisha waya kwenye kiungo cha mpira na ukaze klipu vizuri, maana hewa ikivuja hapo injini itakosa mwendo mzuri na utalaumu foili.

Na usimwahidi mteja nguvu. Tuseme bomba linachukua wati 50 kutoka kwenye ekzosi. Injini ya lita 1.5 gari likiwa limesimama inavuta kama gramu 2 za hewa kwa sekunde. Wati 50 zinaipasha digrii 25. Ikikimbia inavuta gramu 10 au zaidi, na wati zile zile ni digrii 5. Kila digrii 3 za hewa ni kama asilimia moja ya uzito wake. Faida ya foili kwenye bomba iko kwenye foleni ya Kondele. Barabarani haionekani.

Sasa gari. Usipime siku moja na mkeka na siku nyingine bila, halafu ulinganishe namba kavu. Kisumu saa saba mchana na saa mbili asubuhi si hewa moja. Unahitaji sehemu nne za kupima, na kama mita yako ina njia moja, azima ya njia nne au nunua nyaya nne na uzibadilishe kwa haraka:

1. Hewa ya nje, mbele ya grili, mahali injini haipulizi.
2. Manifoldi au bomba la ekzosi, ncha ikiwa imebanwa na klipu ya chuma. Hii ni ya kuhakikisha injini ilifanya kazi sawa siku zote mbili. Ikitofautiana zaidi ya digrii 15, tupa jaribio.
3. Kitu chenyewe kilicho nyuma ya mkeka: mpira wa petroli, mwili wa masta silinda, ganda la stata.
4. Hewa karibu na kitu hicho, ncha ikiwa imefichwa nyuma ya kipande kidogo cha foili ili isipigwe na mwanga wa ekzosi.

Waya wa ekzosi uwe wa nyuzi za kioo. Ule wenye ganda la tefloni unavumilia hadi 260 tu, ukigusa manifoldi unayeyuka na kupiga shoti, na mita itasoma joto la mahali ulipoyeyukia badala ya ncha. Namba inaonekana ya kawaida kabisa, hapo ndipo watu hupotea.

Kazi ya gari: endesha dakika 20 tambarare, panda Mamboleo hadi Kiboswa kwa gia ile ile na mwendo ule ule, rudi, simama dakika 10 injini ikinguruma, zima, boneti imefungwa, uendelee kuandika dakika 20 nyingine. AC imezimwa siku zote mbili. Andika kila dakika. Kisha toa joto la nje kwenye kila namba, ulinganishe zilizobaki.

Zile dakika 20 baada ya kuzima msizikate. Maji na feni vimesimama, hewa imesimama, lakini ekzosi bado ina mamia ya digrii. Mpira wa petroli na stata hufika kilele hapo, mara nyingi dakika ya kumi hivi, si mlimani. Gari la kabureta linalokataa kuwaka baada ya kusimama kwa chai, ugonjwa wake umo kwenye dakika hizo.

Namba 3 na namba 4 zisomeni pamoja. Kitu kikiwa moto kuliko hewa inayokizunguka, basi kinapigwa na mwanga wa ekzosi na foili itasaidia. Kikiwa sawa na hewa, kinapashwa na hewa moto, na hakuna foili ya kukiponya. Hapo tafuta njia ya hewa kutoka, au insulesheni nene.

---

kiti_cha_mbele (Kisumu)

Kwa HiAce, kabla ya mkeka wowote, inua kiti na uangalie mpira unaoziba ukingo wa kifuniko cha injini. Ukiwa umekatika au umelala, hewa moto inapanda mle na moshi kidogo juu. Jaribu kwa kipande cha karatasi: funga kifuniko kikiwa kimebana karatasi, vuta. Ikitoka bila kushikwa, mpira umekufa. Foili chini ya kifuniko itashughulika na mwanga wa turbo na ekzosi, lakini hewa inayovuja haijui foili ni nini.

Na tafadhali, ile insulesheni ya paa yenye mapovu ya plastiki katikati isitumike kwenye injini. Inang'aa vizuri na inauzwa kwa mita, ndiyo maana watu huipenda. Mapovu ni polithini, yanalegea karibu na digrii 110 na yanashika moto. Chini ya mabati ya nyumba ni sawa. Juu ya turbo ni kibiriti.

---

bati28 (Nakuru)

Kwa bamba la kusimama, alumini ya nusu milimita inatosha. Wapo wanaotumia zile sahani za alumini zilizotumika za matbaa, ni nyembamba lakini zinakunjika vizuri. Zina upande mmoja uliokwaruzwa na kutiwa dawa ya kushika wino. Upande huo haung'ai kwa joto hata kama machoni unaonekana mweupe. Ule wa nyuma, ulio mtupu, ndio utazame ekzosi. Kunja ukingo milimita 10 ili lisitetemeke, na pale bolti inaposhika weka washa ya nyuzi za kioo au gaskiti ya ekzosi, la sivyo joto litapita chuma kwa chuma na utapima bolti badala ya kinga.

Tepu ya dhahabu: rangi haina maana. Nyingi ni filamu ya polimaidi ya rangi ya kaharabu juu ya alumini, na filamu hiyo inameza mwanga wa joto kuliko alumini tupu. Machoni inapendeza. Kwenye mkebe wa maji iweke kando ya foili ya jikoni uone ipi inashinda.

---

gereji_mamboleo (Kisumu)

Asanteni sana. Nimepata mkebe na rangi ya ubao, jiko naazima kesho. Maswali mawili ya mwisho. Kuna mteja anataka altaneta izungushiwe mkeka wote kwa sababu iko karibu na ekzosi. Nifanye? Na masta silinda, joto gani ndilo la kuogopa?

---

dizeli_mlimani (Nakuru)

Altaneta usiizungushie. Inazalisha joto lake yenyewe na ina matundu ya hewa. Ukiifunika unaipika kwa moto wake. Chochote kinachotoa joto, altaneta, koili, kompyuta ya injini, kinawekewa bamba upande wa ekzosi tu, huku pande nyingine zikibaki wazi. Ukipima, mkeka mzunguko unaweza kuonekana mzuri dakika tano za kwanza. Endelea hadi dakika 40 taa zote zikiwa zimewashwa.

Masta silinda: mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya 205, na yakishanyonya maji, chini ya 140. DOT 4 ni 230 na 155. Kwa kuwa hujui mafuta ya mteja yana umri gani, hesabu na ile namba ndogo. Mwili wa silinda ukipita 100 baada ya kuzima, weka bamba na ubadilishe mafuta siku hiyo hiyo. Nyaya za PVC zilizo karibu nazo ziangalie: nyingi zimetengenezwa kuvumilia 80 hadi 105, na zikianza kukakamaa kama tambi kavu hapo zilipopita pana joto kuliko bunduki inavyosema.

Na kabla hujauza mkeka wowote, lala chini ya gari uangalie kama bamba la kiwandani juu ya kataliti (kisafisha moshi cha ekzosi) lipo. Mafundi wengi huling'oa kwa sababu linapiga kelele, badala ya kulirudishia bolti na washa pana. Kama halipo, anza na hilo, maana mteja ataegesha kwenye nyasi kavu.

---

jiko_na_maji (Kakamega)

Kuhusu jiko la kuazima: pima voltiji kwenye soketi ya gereji huku mtu akichomelea. Ikicheza, fanya majaribio ya mkebe asubuhi kabla ya mashine ya kuchomelea kuwashwa.